Paa la Mzee Malogo, au Jinsi Tulivyokwenda Kuwasaidia Wagogo

Watu wa mtaani kwetu Kuze, Mombasa, wamenichosha kwa swali moja: ilikuwaje mtoto wa Kuze, aliyemaliza madrasa na kupelekwa chuo kikuu kwa sifa, akaishia Ugogo akilinda mitungi ya pombe? Nimejibu barazani, nimejibu sokoni, na kila nikijibu habari inanirudia imetiwa chumvi zaidi. Juzi nimesikia kwamba nilikuwa naiuza. Sikuiuza. Naiandika hapa safari yote, toka mwanzo hadi mwisho, na mwenye kucheka acheke akiwa na habari kamili.

Aliyetutoa ni Bwana Whitlow. Siku hizo nilikuwa nasoma Uganda, na Bwana Whitlow alikuwa mhadhiri wetu wa jiografia, Mwingereza mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye imani kubwa na kamba, filimbi na maji ya kuchemsha. Aliona sisi wasomi tumelainika kwa kulalia mashuka na kula kwa uma. Akaamua kwamba likizo ile atatuvusha mpaka, twende tukaishi na watu wa nchi nyingine na kuwatumikia, tuwajengee darasa. Alichagua Ugogo, katikati ya Tanganyika. Tulipomuuliza kwa nini huko, alijibu kwamba anakufahamu, aliwahi kupita. Baadaye tulikuja kujua kwamba alipita kwa garimoshi, usiku, akiwa amelala.

Kabla ya safari palikuwa na maandalizi, na hayo maandalizi ndiyo yaliyotuponza. Kila Jumamosi tulikusanywa ukumbini kufundishwa usalama. Tulifundishwa kufunga bendeji. Tulifundishwa kumkimbia kifaru kwa kukata kona, na kwa kuwa chuoni hapakuwa na kifaru, kazi hiyo alipewa mwenzetu Okello, kijana wa Gulu mwenye mifupa mizito, ambaye aliifanya kwa moyo mmoja mpaka akamvunjia mwalimu miwani. Tulikatazwa kunywa maji ya wenyeji, kula chakula cha wenyeji, na kugusa pombe ya wenyeji. Tulikatazwa kulala ndani ya nyumba za tembe kwa sababu ya papasi, wale kupe wa kwenye nyufa za udongo, na hapo sina ubishi, homa ya papasi si mchezo. Tulikatazwa pia kulala nje chini kwa sababu ya fisi na nyoka. Tungelala kwenye mahema.

Mimi nikanyosha mkono nikauliza, "Je, tukifika tutawaamkiaje?"

"Tabasamu," akasema Bwana Whitlow. "Tabasamu linaeleweka dunia nzima."

Tukafanya mazoezi ya kutabasamu.

Port Bell tulipanda meli ya ziwani, wanafunzi wanane na mwalimu, na masanduku ya bati mengi kuliko ya bwana harusi. Lilikuwapo sanduku la dawa, la vyakula vya kopo, la bendeji, na chujio la maji la udongo ambalo lilibebwa kwa zamu kama mtoto mchanga. Kofia ngumu za jua tulivaa hata usiku, maana Bwana Whitlow hakutaja saa ya kuzivua. Bukoba tulipita salama. Mwanza tuliteremka tukiwa tumechoka, na meli ilipokwisha kuondoka ndipo ikagundulika kwamba mahema yetu yamebaki ndani yake na yanaelekea Musoma. La Bwana Whitlow lilipona, kwani alilibeba pamoja na mizigo yake mwenyewe. Alitutuliza akasema mtu aliyeandaliwa vizuri hashindwi na jambo dogo.

Kutoka Mwanza mpaka Tabora, na kutoka Tabora kuvuka nyika, tulisafiri daraja la tatu. Abiria wenzetu walifungua vikapu wakatukaribisha mihogo, kuku na ndizi. Sisi tukakataa kila kitu, tukatabasamu, tukanywa maji yetu kutoka kwenye chupa zenye vibandiko. Mama mmoja alituangalia kwa muda mrefu, sisi na kofia zetu, kisha akaniinamia kwa huruma.

"Poleni, wanangu. Mnapelekwa Dodoma kwenye ile hospitali ya wenye wazimu?"

Nikamwambia hapana, sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Akasema, "Ndiyo, ndiyo," akawaomba wenzake watuachie nafasi ya kujinyosha. Tulifika Dodoma tumelala vizuri kuliko abiria wote wa behewa lile.

Dodoma ilitupokea kwa upepo na vumbi. Mwenye lori la kututoa mjini alikuwa Bwana Jivan, Mhindi wa duka la nguo na majembe, ambaye alipeleka bidhaa upande wa Chamwino kila wiki. Aliyatazama masanduku yetu yakipakiwa, akauliza kama tuna mtama.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Wa pombe, bhai. Mnajenga, sivyo? Kujenga Ugogo bila pombe, mtajenga na mbuzi."

Nikamtafsiria Bwana Whitlow. Alicheka sana, akasema ndiyo hasara ya kuwa mfanyabiashara, mtu anaona kila kitu ni biashara. Bwana Jivan hakucheka. Alipandisha bei ya mafuta akawasha lori.

Alasiri tulifika kijijini, mbele ya Chamwino, mahali pa miiba, mchanga mwekundu na ng'ombe wengi. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Malogo, mtu mfupi mwenye maneno mengi, aliyejitolea kutupokea ili majirani wamwone ana wageni wa maana. Mkewe, Mama Ndahani, alikuwa na maneno machache na macho yaliyohesabu kila kitu. "Mbukwenyi," wakatuamkia, na watu waliojaa uani wakarudia. Sisi tukatabasamu, wote tisa, kwa pamoja, kama tulivyofundishwa.

Mzee Malogo, aliyekwisha kunisikia nikizungumza na mwenye lori, akanivuta pembeni. "Wewe unajua Kiswahili. Huyu mzungu meno yanamuuma?"

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha ya mtu aliyepata dawa, na tangu hapo mambo yote ya safari ile yalipitia mdomoni mwangu.

Jioni ile likaja swali la kulala. Ndani ya tembe hairuhusiwi, papasi. Nje chini hairuhusiwi, fisi. Mahema yako Musoma. Bwana Whitlow alizunguka nyumba mara mbili, akainua macho, akaona lile paa la tembe, la udongo, bapa, pana, la kimo kipitacho kichwa cha mtu kidogo. Uso ukamng'aa. Akaamuru tulale juu ya paa, na masanduku tupandishe pia yasije yakagugunwa na fisi.

Juu ya paa palikuwa pameanikwa kimea, mtama uliooteshwa, wa kupikia pombe. Mama Ndahani alikuwa amekiandaa kwa sababu maalumu, na mumewe alinieleza nikamfikishia mwalimu neno kwa neno: boriti za upande wa mashariki zimeliwa na mchwa, mvua ziko karibu, kwa hiyo wiki ile wangepika pombe ili majirani waje kulirekebisha paa. Chini ya upande huo ndiko vilikokaa vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya mti yenye mtama wao wote wa kula mpaka mavuno.

"Mwambie," akasema Mzee Malogo, "walale magharibi. Mashariki wapaache."

"Mwambie ahsante," akasema Bwana Whitlow. "Watu watalala magharibi. Mashariki tutaweka masanduku tu. Na hicho kimea kiondoke. Hakuna pombe katika kambi yangu."

Tukakifagia. Naandika neno hilo na moyo unanikera bado. Wasomi wanane wenye kofia walikifagia chakula cha watu mpaka ukingoni, kikamwagika chini, na mbuzi walikimaliza kabla Mama Ndahani hajazunguka nyumba. Aliwatazama mbuzi, akatutazama sisi, na nadhani alikuwa anachagua kati yetu nani mwenye akili zaidi.

Siku zilizofuata tulijenga darasa. Tulifyatua matofali, tukayapanga, na ukuta ukaanza kuinama kuelekea Dodoma kama unaotamani kurudi. Kila asubuhi wanakijiji walikuja, wakaketi kivulini, wakatutazama kwa adabu, wakaondoka. Hakuna aliyeshika tofali. Bwana Whitlow alisema jioni kwamba hawa watu hawana moyo wa kujitolea. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia kwa Mzee Malogo kwamba walikuwa wanasubiri kuitwa. Huko kazi kubwa haiombwi kwa maneno. Mwenye kazi anapika pombe, habari ya pombe inatembea yenyewe, na asubuhi yake majirani wanafika na mashoka. Asiyepika anaonekana kwamba anataka kufanya kazi yake peke yake, na ni utovu wa adabu kumwingilia.

Asubuhi ya Jumatatu, kama asubuhi zote, Bwana Whitlow alitoka kwenye hema lake akapuliza filimbi ya mazoezi ya viungo. Chini palikuwa pamejaa miiba, basi tulifanya mazoezi hukohuko juu. Tulinyosha mikono. Tuliinama. Okello, aliyetaka nafasi ya kutosha, akasogea mashariki, karibu na masanduku. Kisha filimbi ikalia mara ya pili, na hiyo ilikuwa ni ya kuruka.

Tuliruka mara moja tu. Tulipotua, paa lilitua nasi. Boriti zililia, udongo ukafunguka, na Okello, sanduku la dawa, chujio la maji na nusu ya paa la Mzee Malogo vikaingia ndani ya nyumba kwa pamoja. Ndama waliolala humo ndani walikuwa wamekwisha kutoka, Mungu mkubwa. Vumbi lilipotulia tulimwona Okello ameketi juu ya mtama. Kilindo kimoja kimepasuka, kingine kimelala ubavu, na mtama umemwagika kila upande, juu yake udongo, na juu ya udongo mbingu wazi.

Hapo maandalizi yetu yalifanya kazi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Okello aliteguka kifundo cha mguu, nasi saba tukamrukia na bendeji, kila mmoja akifunga pale alipokumbuka. Tulipomaliza hakuweza kukunja hata shingo. Mama Ndahani alipita katikati yetu bila kutuona, akapiga magoti, akaanza kuutenga mtama na udongo kwa viganja.

Mchana mawingu yalijikusanya upande wa mashariki. Mama Ndahani aliinuka akaniita.

"Mwambie huyo bwana wako. Mvua ikinyesha kabla ya paa, mtama huu utaota humuhumu ndani. Nina watoto na wakwe. Tutakula nini mpaka mavuno?"

Nikamwambia. Bwana Whitlow, na lazima nimpe haki yake, alikuwa amepauka. Akasema wanafunzi wake watalijenga paa lile kwa mikono yao wenyewe. Tukajaribu. Tuliikata boriti moja msituni, tukaibeba mpaka uani, tukaikalia kupumua, na ikabaki pale tulipoikalia. Majirani walikuwa kivulini wakitutazama kwa adabu.

"Waombe watusaidie," akasema mwalimu.

"Wanataka waalikwe, bwana. Na mwaliko ni pombe."

"Nimesema hakuna pombe katika kambi yangu."

Nikamtafsiria Mama Ndahani. Akajifunga kanga kiunoni. "Mwambie hii si kambi yake. Hii ni nyumba yangu. Ilikuwa."

Sentensi hiyo niliitafsiri polepole, na nilifurahi kuitafsiri.

Kesho yake lori la Bwana Jivan likapita, na mwalimu akaamua kumpeleka Okello mwenyewe hospitali Dodoma. Aliniacha mimi kuwa mkuu, akanikumbusha sheria za kambi, kisha akalikunja hema lake akaondoka nalo. Nilisimama pale nikafikiri. Kambi ilikuwa lile hema. Hema limekwenda Dodoma. Pasipo kambi hapana sheria ya kambi, na sidhani kama kuna kadhi angenipinga.

Nikamwendea Mama Ndahani. "Mama, tukipata kimea, pombe itawahi mvua?"

"Labda," akasema. "Lakini kimea changu mlikula nyinyi na mbuzi."

Jirani yake, Mama Mbeleje, alikuwa na kimea cha kuitia watu wa shamba lake. Alikubali kukitoa kwa sharti moja: tukisage sisi, kwa jiwe, siyo wanawake wa kijiji. Basi wanafunzi saba wa chuo kikuu tulipiga magoti tukasaga. Viganja vyetu vilichubuka kabla ya adhuhuri. Wanawake wa kijiji kizima walikuja kuona, wakaketi, wakaleta wageni kutoka vijiji vya jirani. Sijawahi kuchekwa vile, na sijawahi kustahili hivyo. Jioni walitupa ugali wa uwele na mlenda, na maji ya kisima, nasi tukala tukanywa, wala hatukufa.

Pombe ilipopikwa na kutiwa mitungini ili iumuke, Mama Ndahani akanichagua.

"Wewe ni Mwislamu, huinywi?"

"Siinywi, mama."

"Basi utailinda. Hawa wengine siwaamini, na wa kwanza ni mume wangu."

Hivi ndivyo, enyi watu wa Kuze, nilivyopata ile kazi mnayoisimulia barazani. Nilikaa na mitungi ile usiku na mchana na fimbo mkononi. Wakati wa sala nilikwenda mbali, na kila niliporudi nilimkuta Mzee Malogo akiizunguka, mikono nyuma.

"Naangalia kama inavuja," alisema.

"Haivuji, baba."

"Juu pia? Nifunue kidogo?"

Sikumruhusu. Aliniambia nina roho ngumu kwa mtu wa umri wangu, na hapo nikaona kwa nini mkewe aliniamini mimi. Mawingu yalizidi kuwa mazito kila alasiri, na Mama Ndahani alikuwa akitoka nje, anatazama juu, anatazama mitungi, anarudi ndani kuufunika mtama kwa ngozi za ng'ombe. Hakuna mtihani wa chuo ulionitia hofu kama mawingu yale.

Asubuhi pombe ilipokuwa tayari sikumwona mtu aliyepeleka habari, lakini kabla jua halijapanda ua ulijaa. Wale waliotutazama kivulini majuma yote walikuja na mashoka na fito na kamba za magome, wakaipandisha ile boriti yetu huku wakizungumzia mambo mengine. Kazi yote ilifuatana na nyimbo na kata za pombe zilizogawiwa na Mama Ndahani kwa kipimo chake. Sisi wanafunzi tulitaka kusaidia. Wakashauriana kwa Kigogo, kisha wakatupa kona moja, ndogo, upande wa nyuma, tuitandazie udongo. Jua lilipozama paa lilikuwa limekamilika, na Mzee Malogo alikuwa anamweleza kila mtu jinsi alivyoisimamia kazi.

Siku ya pili yake, alasiri, mvua ikaja. Ilikuja ya upepo na ngurumo, ikapiga lile paa jipya kana kwamba ina kisa nalo. Tulikuwa wote ndani, papasi au si papasi, tumesimama kati ya vilindo tukitazama juu. Mama Ndahani alipita akigusa dari kwa kiganja, boriti kwa boriti. Pakavu. Pakavu. Pakavu. Alipofika kona ya nyuma, tone likamwangukia mkononi, kisha jingine. Akachukua sufuria akaiweka chini.

"Hapa ni penu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua," akasema, akasogeza kilindo hatua moja. Mtama ulikuwa umepona, karibu wote. Nililia kidogo, na kwa kuwa mvua ilikuwa inavuja nikapata kisingizio.

Wiki hiyo Bwana Whitlow alirudi na Okello mwenye gongo la kutembelea. Aliliona paa, akalizunguka mara mbili, akatupa mkono mmoja mmoja. Akatupanga mbele ya nyumba akatupiga picha, Mzee Malogo katikati amevaa kofia ngumu ya jua aliyopewa kama zawadi. "Mnaona," mwalimu akatuambia, "faida ya maandalizi mazuri." Hakuuliza lilijengwaje, nami sikusema. Ukuta wa darasa tuliuacha umefika magotini, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuupenda kwa kulalia.

Tulirudi kwa njia ileile, Dodoma, Tabora, Mwanza, ziwani. Garimoshini tulikula mihogo ya kila aliyetukaribisha, na hakuna aliyetuonea huruma. Kofia zilikuwa zimebaki Ugogo, na chujio la maji pia, kwa vipande.

Mwaka uliofuata Bwana Whitlow aliandaa kundi jipya. Masomo yalikuwa yaleyale, pamoja na katazo moja la nyongeza: mtu asiruke juu ya paa. Kwa kuwa nilikuwa mzoefu, nilialikwa kuzungumza na wale vijana. Niliwaambia nilichojifunza, nacho ni kifupi. Tulifundishwa kila kitu kinachoweza kutudhuru sisi, na hakuna hata Jumamosi moja tuliyoulizwa ni nani tutakayemdhuru. Nikawaambia wajifunze kuamkia, waulize watu huko huitwa kazini kwa kitu gani, na wakielezwa kwamba upande wa mashariki usikanyagwe, wasipakanyage hata kwa sanduku. Bwana Whitlow akanishukuru kwa maneno ya kutia moyo, akageukia somo la kifaru.

Mwaka huu, hapa Mombasa, nimekutana na mtu wa Chamwino aliyekuja kufanya kazi bandarini. Nilimuuliza habari za Mzee Malogo. Akasema wazima wote, na paa wamelirudia tena lote isipokuwa kona ya nyuma, ambayo Mama Ndahani amekataa isiguswe, ili watu wa nyumba wasisahau. Ile kona ina jina siku hizi.

"Inaitwaje?" nikamuuliza.

"Chuo Kikuu," akasema. "Mtoto akibeba unga wakati wa mvua, anaambiwa aweke popote, lakini asiweke Chuo Kikuu."